Namna ya Kutafuta Jeni za Ukinzani wa Magonjwa katika Mchai: Kuanzia Shambani hadi Maabara

Mashamba mengi ya zamani ya chai katika Afrika Mashariki, kuanzia Limuru ambako chai ilipandwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903 hadi Kericho, Mufindi na milima ya Usambara, yalianzishwa kwa mbegu. Ua la mchai kwa kawaida hukataa chavua ya mchai huohuo, hivyo kila mbegu ina wazazi wawili tofauti na kila mche una mchanganyiko wake wa jeni. Ndiyo maana katika shamba la mbegu michai miwili jirani hutofautiana kwa rangi ya jani, kwa kasi ya kuchipua, kwa ladha ya chai na, jambo linalotuhusu hapa, kwa namna inavyougua. Mmoja hukauka, na mwingine ulio hatua moja kando yake huendelea kuchumwa kwa miaka mingi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa ugani, mwenye kitalu na mwanafunzi wa kilimo anayetaka kujua jinsi tofauti hiyo inavyofuatiliwa mpaka kwenye jeni, kisha jinsi jeni hiyo inavyorudishwa shambani ikiwa ndani ya miche bora. Baadhi ya hatua zinahitaji maabara ya chuo au kituo cha utafiti. Hata hivyo, kazi iliyo ngumu zaidi, na ambayo hupuuzwa zaidi, haifanyiki maabara. Ni kazi ya kuthibitisha kwamba mchai unaoonekana mzima umekutana na ugonjwa na kuushinda, wala si kwamba ugonjwa haukuwahi kuufikia. Kosa likifanyika hapo, mashine zote za kusoma vinasaba zitasoma kwa usahihi mkubwa jambo lisilokuwapo.

Chagua ugonjwa mmoja kabla ya kutafuta jeni

Hakuna jeni ya “kukinza magonjwa” kwa jumla. Kuna jeni inayosaidia dhidi ya kuvu fulani, katika sehemu fulani ya mmea, katika umri fulani. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kuchagua ugonjwa mmoja na kuujua vizuri.

Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ugonjwa unaoua michai mingi katika mashamba yaliyofyekwa kutoka msituni ni kuoza kwa mizizi kunakosababishwa na kuvu za jamii ya Armillaria. Mchai unaougua hubadilika rangi kuwa manjano, kisha hukauka huku majani yakiwa bado yameshikilia matawi. Ukibandua gome karibu na usawa wa udongo utakuta utando mweupe uliotandazwa juu ya mti, wenye harufu ya uyoga, na mara nyingi sehemu hiyo ya shina huwa imepasuka kwa urefu. Kuvu hiyo huishi ndani ya visiki na mizizi ya miti ya msituni, na husafiri kutoka mzizi mmoja hadi mwingine inapogusana.

Ugonjwa wa pili ni kansa ya shina inayoletwa na Phomopsis theae, ambayo hushambulia zaidi michai michanga, hasa ile iliyodhoofishwa na ukame. Gome huzama, hufa na kuzungukwa na kovu lililovimba, na sehemu iliyo juu ya kidonda hukauka. Wa tatu ni kuoza kwa mti kunakoletwa na Hypoxylon serpens, ambayo huingia kupitia vidonda vya kupogoa na matawi yaliyounguzwa na jua, na hujionyesha kwa mabaka magumu ya kijivu yanayoelekea kuwa meusi juu ya gome. Kwenye majani kuna baka la kijivu la Pestalotiopsis na baka la kahawia la Colletotrichum, yanayoonekana zaidi kwenye majani yaliyojeruhiwa na mashine au mikono ya wachumaji.

Ugonjwa uliochunguzwa sana na wanasayansi wa chai haumo katika orodha hiyo, nao ni malengelenge ya majani yanayoletwa na Exobasidium vexans. Ni ugonjwa wa Asia: ulielezwa Assam mwaka 1868, ukafika India ya kusini na Sri Lanka mwaka 1946, na ukaendelea hadi Indonesia. Nautaja kwa sababu mbili. Kwanza, mengi tunayojua kuhusu jeni za ukinzani katika mchai yametokana nao. Pili, mtu yeyote anayefikiria kubeba vipandikizi kutoka Asia ndani ya begi lake kwa nia njema ya kuleta aina inayokinza anaweza kuleta pamoja nayo ugonjwa uleule uliokuwa ukikinzwa. Nyenzo za kupandia zipitie karantini ya mamlaka husika, KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania, bila njia ya mkato.

Jua ni jeni za aina gani unazozitafuta

Mchai, Camellia sinensis, una jozi 15 za kromosomu, yaani 30 kwa jumla. Jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, ina herufi zipatazo bilioni 3, karibu sawa na ya binadamu. Rasimu ya kwanza ilichapishwa mwaka 2017 kutokana na Yunkang 10, aina ya Kichina iliyo katika kundi la Assam, na mwaka 2018 ikafuata ya Shuchazao, iliyo katika kundi la chai ya China yenye majani madogo. Rasimu hizo zilifungua mlango, kwa kuwa sasa mtafiti aliyepata kipande cha kinasaba kinachofuatana na ukinzani anaweza kuona ni jeni zipi zilizo jirani nacho.

Ulinzi wa mchai dhidi ya kuvu una tabaka kadhaa, na kila tabaka lina jeni zake. Lile la nje kabisa ni umbo la jani lenyewe: unene wa nta, idadi ya vinyweleo, ugumu wa kuta za seli. Nyuma yake kuna vipokezi vilivyo juu ya seli vinavyotambua vipande vya kawaida vya kuvu, kama vile kitini inayojenga ukuta wake. Ndani ya seli kuna vipokezi vingine, vinavyotengenezwa na jeni za familia kubwa ambayo watafiti huiita NBS-LRR, na ambazo ndani ya jenomu ya mchai zinafikia mamia. Hivi hutambua protini mahususi ambazo kuvu huziingiza ili kuzima ulinzi. Kipokezi cha ndani kikilitambua shambulio, seli iliyoguswa mara nyingi hujiua pamoja na mvamizi, na tishu zilizo jirani hupewa ishara kwa njia ya asidi ya salisiliki.

Ishara hizo huamsha jeni za utekelezaji. Zipo zinazotengeneza vimeng’enya vya kuvunja ukuta wa kuvu, hasa kitinesi na glukanesi. Zipo zinazoongeza katekini na kafeini, vitu vilevile vinavyoipa chai ukali wake kikombeni. Nchini China aina iitwayo Zhongcha 108 hukinza Colletotrichum ilhali Longjing 43 hushambuliwa kwa urahisi, na mojawapo ya tofauti zilizoonekana baada ya kuambukizwa ni wingi wa kafeini. Umuhimu wa kitinesi ulionyeshwa waziwazi nchini India, ambako watafiti walichapisha mwaka 2015 matokeo ya kuingiza jeni ya kitinesi ya kiazi ulaya ndani ya mchai, na miche iliyopatikana ikakinza malengelenge kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko miche isiyobadilishwa.

Hapa ndipo uchaguzi wa ugonjwa unapoonyesha uzito wake. Exobasidium huishi kwa kunyonya seli iliyo hai, kwa hiyo seli inapojiua huinyima chakula. Kuvu inayoua tishu kwanza ndipo izile, kama Pestalotiopsis, hunufaika na seli iliyokufa. Jeni inayokuokoa dhidi ya ile ya kwanza inaweza isikusaidie chochote dhidi ya ya pili. Dhidi ya Armillaria, ambayo huja ikiwa na ghala kubwa la chakula ndani ya kisiki na huweza kungoja kwa miaka, singemshauri mkulima ategemee jeni peke yake. Huko usafi wa shamba ndio ulinzi wa kwanza, na tofauti kati ya aina za michai huja baadaye.

Kazi ya shambani

Chagua shamba la mbegu ambalo ugonjwa unaoutafuta upo kwa wingi na umekuwapo kwa muda mrefu. Shamba safi halifai. Chora ramani ya safu na michai, ukaweke alama kila uliokufa, unaougua na ulio mzima. Kisha tafuta michai mizima iliyozungukwa na migonjwa. Hiyo ndiyo yenye ushahidi, kwa kuwa kuvu ilikuwa jirani pande zote. Mchai mzima ulio kwenye kona isiyo na ugonjwa haujasema lolote.

Tofautisha hali tatu ambazo kwa macho hufanana. Ukinzani ni pale mmea unapoizuia kuvu isikue. Ustahimilivu ni pale mmea unapougua lakini mavuno yasishuke sana. Kukwepa ni pale mmea unapobaki mzima kwa sababu za nje, kwa mfano unyevu mdogo, kivuli, au kwa sababu tu ulipogolewa wakati ambao mbegu za kuvu hazikuwapo hewani. Jeni za ukinzani na za ustahimilivu zinaweza kurithiwa, kukwepa hakurithiwi. Njia ya kuzitenganisha shambani ni kurudia vipimo katika misimu tofauti, wa mvua na wa kiangazi, na katika miaka tofauti ya mzunguko wa kupogoa.

Pima kwa kiwango kilicho wazi ili mtu mwingine akipima apate jibu lilelile. Kwa magonjwa ya majani, kiwango cha 0 hadi 4 kinatosha: 0 ni jani lisilo na baka, 1 ni baka chini ya sehemu ya kumi ya eneo la jani, 2 ni hadi robo, 3 ni hadi nusu, na 4 ni zaidi ya nusu. Tuseme umechunguza majani 20 ya mchai mmoja, ukapata 8 yenye alama 0, 6 yenye alama 1, 3 yenye alama 2, 2 yenye alama 3 na 1 lenye alama 4. Jumla ya alama ni 22. Alama za juu kabisa zinazowezekana ni 80. Ukali wa ugonjwa ni 22 ugawanywe kwa 80, yaani asilimia 27.5. Andika tarakimu hiyo pamoja na tarehe, mvua ya wiki zilizotangulia na jina la mpimaji. Inapowezekana, wapimaji wawe wawili, kila mmoja apime peke yake, na mahali wanapotofautiana warudi pamoja kwenye mchai.

Kabla hujakata tawi lolote, kubaliana kwa maandishi na mwenye shamba kuhusu matumizi ya mchai wake. Kloni bora, yaani miche yote iliyozalishwa kwa vipandikizi vya mchai mmoja, huweza kuenea kwa maelfu ya hekta, na ni haki ya aliyeutunza mchai mama kwa miaka mingi ajue kinachoendelea na anufaike.

Kuzalisha nakala za kupima

Mchai mmoja hautoshi kwa majaribio. Pogoa mchai uliouchagua na uuache ukue bila kuchumwa kwa takriban miezi 6, kisha chukua vipandikizi kutoka sehemu ya kati ya tawi, iliyopita ulaini wa ncha lakini haijawa ngumu na ya kahawia kama ya chini. Kila kipandikizi kiwe na jani moja, jicho moja na kipande cha shina chenye urefu wa sentimita 3 hadi 4. Kipande hicho hupandwa kwenye mfuko wa plastiki wenye udongo wa chini usio na mboji, wenye pH kati ya 4.5 na 5.5, na hufunikwa kwa karatasi ya plastiki inayohifadhi unyevu chini ya kivuli cha kitalu. Baada ya miezi 8 hadi 12 utakuwa na miche yenye vinasaba sawa na vya mama. Zalisha angalau 30 kwa kila mchai mama, na pamoja nao zalisha kloni mbili za kulinganishia: moja inayojulikana kuwa inaugua kirahisi na nyingine iliyothibitika kukinza. Bila hizo mbili hutajua kama jaribio lilikuwa kali vya kutosha.

Kuambukiza kwa makusudi

Anza kwa kupata kuvu safi. Kata vipande vidogo vya jani au gome kwenye mpaka wa sehemu iliyougua na sehemu nzima, vioshe kwa muda mfupi katika dawa ya klorini iliyopunguzwa makali, visuuze kwa maji yaliyochemshwa na kufungiwa, kisha viweke juu ya chakula cha viazi, sukari na agari. Kuvu ikishaota na kutenganishwa, iambukize kwenye mche mzima, uone dalili zilezile zikitokea, na uitoe tena kutoka kwenye mche huo. Ni hapo tu utakapokuwa na hakika kwamba unachokipima ndicho kilicholeta ugonjwa shambani.

Kwa magonjwa ya majani, chuma majani yaliyokomaa yenye umri sawa kutoka kwa kila kloni, yafute kwa kileo cha asilimia 70, yatoboe kidogo kwa sindano safi, na weka juu ya tundu kipande cha kuvu chenye kipenyo cha milimita 5. Yahifadhi kwenye sinia lenye karatasi iliyolowa, lililofunikwa, kwa nyuzi joto 25 hivi. Pima kipenyo cha baka siku ya 3, ya 5 na ya 7. Majani mengine yatobolewe vivyo hivyo na kuwekewa kipande cha chakula kisicho na kuvu, ili uone kama baka limetokana na kidonda tu. Jani lililochumwa, hata hivyo, limekwisha kupoteza sehemu ya ulinzi wake, kwa hiyo matokeo yake yathibitishwe kwenye miche mizima.

Kansa ya shina hupimwa kwa kukata dirisha dogo kwenye gome la mche wa kitaluni, kupachika kuvu, kufunga kwa utepe wa plastiki na kusubiri kwa wiki kadhaa kabla ya kupima urefu wa kidonda chini ya gome. Armillaria hudai subira zaidi, kwa kuwa haiwezi kupimwa kwa mbegu za kuvu. Huoteshwa kwanza ndani ya vipande vya mti vilivyochemshwa, kisha vipande hivyo hufukiwa jirani na mizizi ya miche iliyo kwenye vyungu, na matokeo huja baada ya miezi mingi. Majaribio haya yote yafanyike mbali na mashamba ya watu, na mabaki yake, pamoja na udongo, yateketezwe kwa moto.

Kuhesabu uzao

Hadi hapa unajua mchai upi unakinza. Ili ujue ni jeni ngapi zinazohusika, lazima uuzalishe na mchai unaougua na kuhesabu watoto. Funika maua ya mama kwa mifuko kabla hayajafunguka, ondoa stameni zake za manjano, kisha yapake chavua iliyotoka kwenye maua ya baba yaliyo karibu kufunguka. Tunda huchukua karibu mwaka mzima kukomaa na huwa na mbegu 1 hadi 3, na maua mengi huanguka bila kuzaa, kwa hiyo chavusha mengi zaidi ya unayodhani yatatosha. Mbegu hupoteza uhai haraka. Zitumbukize majini, zile zinazozama ndizo za kupanda, na ziwekwe kwenye mchanga wenye unyevu mpaka ganda lipasuke.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika chai unatoka Japani, ambako ukinzani dhidi ya baka la kijivu ulionekana kuongozwa na jeni mbili zenye nguvu ya kutawala, zilizopewa majina Pl1 na Pl2. Mchai wenye Pl1 hukinza sana, hata kama Pl2 haipo. Usio na Pl1 lakini wenye Pl2 hukinza kwa wastani. Usio na zote mbili huugua. Sasa chukua mzazi mwenye nakala moja tu ya kila jeni na umzalishe na mzazi asiye na yoyote: nusu ya watoto watapata Pl1 na kukinza sana, robo watapata Pl2 peke yake na kuwa wa wastani, na robo iliyobaki wataugua. Katika watoto 120 unatarajia 60, 30 na 30.

Shamba halitakupa tarakimu hizo kamili. Tuseme umepata 66, 25 na 29. Kwa kila kundi chukua tofauti kati ya ulichopata na ulichotarajia, izidishe kwa yenyewe, igawanye kwa ulichotarajia, kisha jumlisha: 36 kwa 60, ongeza 25 kwa 30, ongeza 1 kwa 30, unapata takriban 1.47. Kikomo kwa makundi matatu ni 5.99, hivyo matokeo yako hayapingani na dhana ya jeni mbili. Ukipata badala yake mteremko usio na makundi, kuanzia wanaougua sana hadi wanaougua kidogo, ujue unashughulika na jeni nyingi ndogondogo. Ndivyo ilivyo mara nyingi kwa magonjwa ya shina na mizizi, na hapo utahitaji ramani ya vinasaba badala ya hesabu ya uwiano.

Ramani za namna hiyo zimewahi kutengenezwa katika eneo letu. Huko Kericho, ambako utafiti wa chai wa Afrika Mashariki una makao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, watafiti waliuchunguza uzao wa kloni SFS 150 na S15/10 kutafuta maeneo ya kromosomu yanayohusiana na mavuno, na mwaka 2018 yakachapishwa matokeo ya uzao wa kloni TRFK 303/577 na GW Ejulu kuhusu kustahimili ukame na ubora wa chai. Kazi hizo hazikulenga magonjwa, lakini njia ni ileile, na miche ya uzao kama huo inaweza kupimwa upya kwa kuambukizwa. Naiona kuwa hazina inayostahili kutumiwa zaidi.

Kutoa DNA kwenye jani lililojaa tanini

Chukua kichipukizi na jani la kwanza, asubuhi, kutoka kwa kila mche wa uzao. Kama maabara iko mbali, weka majani kwenye mfuko wenye punje za silika ili yakauke haraka bila kugeuka kahawia. Hapa mchai huwasumbua wengi: katekini zilezile zinazolinda jani hujishikiza kwenye DNA mara tu seli zinapopasuka, na kinachopatikana huwa ute wa kahawia usiofaa kwa kipimo chochote. Dawa yake ni kutumia mchanganyiko wa CTAB (aina ya sabuni inayopasua seli) wa asilimia 2 au 3 ulioongezwa PVP, ambayo hufunga katekini, pamoja na merkaptoethanoli inayozuia kuoksidika. Jani husagwa likiwa limegandishwa, huchanganywa na maji hayo kwa nyuzi 65, husafishwa kwa klorofomu na alkoholi ya isoamili kwa uwiano wa 24 kwa 1, kisha DNA huteremshwa kwa isopropanoli na kuoshwa kwa ethanoli ya asilimia 70. DNA njema ni nyeupe au haina rangi, na uwiano wa mwanga inaoufyonza kwenye nanomita 260 kwa ule wa nanomita 280 hukaribia 1.8. Ikiwa ya kahawia, itupe na uanze upya. Kazi ya klorofomu na merkaptoethanoli ifanyike ndani ya kabati la kutoa hewa, kwa glavu.

DNA ikishapatikana, hupimwa kwa alama za vinasaba, yaani sehemu ndogo za kromosomu zinazotofautiana kati ya wazazi wawili. Unachotafuta ni alama ambayo karibu watoto wote wanaokinza wanayo na karibu wote wanaougua hawana. Watafiti wa Sri Lanka walichapisha mwaka 2021 alama ya aina hiyo kwa ugonjwa wa malengelenge, wakiwa wametumia uzao wa kloni TRI 2043 na TRI 2023.

Usichukue alama ya nchi nyingine na kuitumia kwenye miche yako kama ilivyo. Alama ni jirani wa jeni, wala si jeni yenyewe. Ikiwa ziko umbali wa sentimogani 4, katika kila watoto 100 karibu 4 watakuwa wameachanisha viwili hivyo, na baadhi yao watabeba alama bila ukinzani. Isitoshe, katika ukoo mwingine wa michai alama hiyohiyo yaweza kuwa imekaa pamoja na nakala dhaifu ya jeni. Ipime kwanza kwenye angalau uzao mmoja wa kwako ambao umeshauambukiza na kuupima kwa macho.

Ukitaka kuona jeni zikifanya kazi, pima RNA badala ya DNA. Ambukiza miche inayokinza na inayougua kwa wakati mmoja, kisha chuma majani saa 0, 24, 48 na 72 baada ya kuambukiza na uyagandishe papo hapo katika naitrojeni ya kimiminika. Mara nyingi utakuta jeni ya kitinesi ikiamka katika miche yote miwili, ila kwenye unaokinza huamka mapema. Tofauti ya siku moja inaweza kuamua kama kuvu itapata nafasi ya kuota. Kumbuka kwamba jeni iliyoamka si lazima iwe ndiyo chanzo cha ukinzani. Yaweza kuwa imeamshwa na nyingine iliyo juu yake. Ushahidi wa jeni husika huja pale ramani ya uzao na kipimo cha RNA vinapoelekeza mahali pamoja.

Kurudisha jeni shambani

Faida kubwa ya alama iliyothibitishwa ni muda. Kuzalisha aina mpya ya chai kwa njia ya kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 15, kwa kuwa mche lazima ukue, upogolewe, uchumwe na upimwe katika maeneo kadhaa. Kwa alama, miche isiyo na jeni inayotakiwa huondolewa ingali kitaluni, na shamba la majaribio hubeba ile yenye matumaini tu. Iliyobaki lazima bado ipimwe mavuno na ubora. Kloni inayokinza lakini chai yake haina rangi wala harufu haitapandwa na mkulima anayelipwa kwa kilo na bonasi, na ni sahihi asiipande. Tengeneza sampuli ndogo za chai mapema, kabla hujatumia miaka juu ya mche usio na soko.

Wakati wa kupanda, usijaze shamba zima kwa kloni moja, hata iwe bora kiasi gani. Shamba la kloni moja lina jibu moja tu kwa kila ugonjwa, na kuvu hubadilika. Panda kloni tatu au nne zenye vyanzo tofauti vya ukinzani, kila moja katika kipande chake cha shamba ili uchumaji na upogoaji usivurugike, na uziandike kwenye ramani ya shamba. Mashamba yaliyobaki ya mbegu yasing’olewe yote kwa pupa ya mavuno, kwa kuwa jeni tutakazozihitaji dhidi ya ugonjwa ambao bado haujafika zimo humo na kwingine hazipo.

Pale penye historia ya Armillaria, miti ya msituni ivuliwe gome kuzunguka shina muda mrefu kabla ya kukatwa, ili chakula kilichomo mizizini kiishe na kuvu ikose pa kuishi, kisha visiki na mizizi ving’olewe. Vidonda vya kupogoa vikatwe kwa kisu kikali na kwa mshazari, na matawi yaliyopogolewa yatumike kufunika fremu ya mchai isiunguzwe na jua, kwa kuwa Hypoxylon huanzia pale. Endelea kupima alama 0 hadi 4 kila mwaka kwenye michai ileile uliyoiweka kwenye ramani. Siku kloni iliyokuwa ikipata alama 0 itakapoanza kupata 2, chukua sampuli ya kuvu kutoka kwenye baka hilo na uipeleke maabara pamoja na majani ya mche, kwa maana kilichobadilika kinaweza kuwa kuvu na si mchai.